Mfalme Aliyevua Taji: Maisha ya Kaleb wa Aksum na Namna ya Kuyafundisha

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi mkoani Singida, tukimtazama mwalimu mtarajiwa akifundisha historia. Alisimulia habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kutumia nyuki. Alisimulia vizuri, na watoto walikuwa kimya. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono akauliza watu wamejuaje kwamba nyuki walimtii. Mwalimu alimwambia aketi, kwa kuwa swali lake halikuwamo katika andalio la somo. Msichana aliketi, na hakunyosha mkono tena hadi kipindi kilipokwisha.

Baada ya kipindi tulizungumza na mwalimu yule kwa muda mrefu. Hakuwa mkali wala mvivu. Aliogopa tu kwamba akikubali swali lile hadithi itavunjika mikononi mwake, na pamoja nayo heshima ya wazee waliomsimulia. Hofu hiyo tumeiona kwa walimu wengi wanaoanza kazi, nasi tumeonelea tuijibu kwa njia ya mfano. Tumemchagua mtu wa mbali, ambaye tunaweza kuzipima habari zake bila ya kumkwaza babu wala bibi wa mtu yeyote kijijini. Mtu huyo ni Kaleb, mfalme wa Aksum, mpiganaji aliyevuka bahari na jeshi lake, akashinda, na ambaye mapokeo yanasema kwamba mwishowe aliacha kiti cha enzi akaingia utawani.

Habari za watu wakubwa walioacha silaha na kushika utawa ni nyingi katika historia ya Ulaya ya enzi za kati. Kabaila mpiganaji wa Normandy aliyeitwa Herluin aliacha farasi na upanga wake, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima wa karibu miaka 40, na yapata mwaka 1034 akaanzisha monasteri ya Bec, ambayo baadaye ilikuwa na shule mashuhuri. Lakini Kaleb aliishi miaka 500 kabla ya Herluin, na aliishi Afrika ya Mashariki. Mwalimu wa Singida hana haja ya kwenda Ulaya kuutafuta mfano wa kwanza.

Ufalme wa Aksum

Mji wa Aksum uko katika nyanda za juu za Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Katika karne za kwanza baada ya kuzaliwa kwa Kristo, mji huo ulikuwa makao ya ufalme wenye nguvu uliotawala biashara ya Bahari ya Shamu kupitia bandari ya Adulis, ambayo magofu yake yako katika nchi ya Eritrea ya leo. Kupitia bandari hiyo pembe za ndovu na bidhaa nyingine za Afrika zilipelekwa Misri, Uarabuni na India. Wafalme wa Aksum walisimamisha nguzo kubwa za mawe zilizochongwa mfano wa majumba ya ghorofa. Moja ya nguzo hizo, yenye urefu wa kama mita 24, ilichukuliwa na Waitalia mwaka 1937 ikasimamishwa mjini Roma. Ilirudishwa Aksum mwaka 2005 na kusimamishwa upya mwaka 2008. Watoto wa Singida, waliozaliwa kati ya majabali makubwa, wataelewa upesi ni kazi gani kulichonga na kulisafirisha jiwe la namna hiyo.

Katika karne ya 4 mfalme Ezana aliupokea Ukristo, na tangu hapo sarafu za Aksum zikawa na alama ya msalaba. Ezana alikuwa amekwisha kufa zamani Kaleb alipoingia madarakani, mwanzoni mwa karne ya 6.

Mfalme tunayemjua kwa sarafu

Mtu akitaka kujua kama Kaleb alikuwako kweli, jambo la kwanza la kumwonyesha ni sarafu zake. Zimeokotwa sarafu za dhahabu zenye sura yake na jina lake kwa herufi za Kigiriki, na zinamtaja kuwa mwana wa Tazena. Kando ya sura ya mfalme kuna masuke mawili ya nafaka yaliyoizunguka kama fremu. Hili si jambo dogo. Mfalme aliyeweza kuweka chochote atakacho juu ya dhahabu yake aliendeleza desturi ya Aksum ya kuweka suke. Watoto wanaoamia ndege katika mashamba ya uwele na mtama hawatahitaji maelezo marefu ili watambue kwa nini.

Jambo la pili ni maandishi ya mawe. Mjini Aksum limepatikana jiwe lenye maandishi ya Kaleb katika lugha ya Kigeezi. Mfalme anajitaja kwa jina lake na kwa jina lake la kifalme, Ella Asbeha, anamtaja baba yake, na anaeleza habari za kujenga kanisa katika nchi ya Himyar, ng'ambo ya bahari. Himyar ndiyo sehemu kubwa ya Yemeni ya leo.

Jambo la tatu ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Mfanyabiashara mmoja wa Alexandria, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Cosmas, alifika Adulis wakati Kaleb alipokuwa akijiandaa kwa vita vya Himyar. Liwali wa bandari alimwomba anakili maandishi ya kale ya Kigiriki yaliyokuwa juu ya kiti cha mawe, ili yapelekwe kwa mfalme. Miaka kama 25 baadaye Cosmas aliandika kitabu ambamo alieleza yale aliyoyaona. Miongoni mwake ni twiga waliofugwa katika jumba la mfalme. Anaeleza kwamba twiga akiwekewa maji chini hawezi kuyafikia mpaka atanue miguu yake ya mbele. Mtoto yeyote aliyemwona twiga akinywa atakubali kwamba Cosmas alisimama pale akatazama.

Hata hivyo kitabu hichohicho cha Cosmas kiliandikwa kwa kusudi la kuthibitisha kwamba dunia ni bapa, na kwamba ulimwengu una umbo la sanduku. Tunawaomba walimu watarajiwa walitazame jambo hili kwa makini. Shahidi mmoja alisema kweli kuhusu twiga na akakosea kuhusu dunia. Twiga alimwona kwa macho yake. Umbo la dunia hakuliona, alilidhania. Kwa hiyo hatumpimi shahidi kwa kumwita mkweli au mwongo mara moja tu. Kila neno lake lina kipimo chake.

Mauaji ya Najran

Himyar ilikuwa nchi ya watu wa imani mbalimbali. Wafalme wake walikuwa wameifuata dini ya Kiyahudi tangu mwishoni mwa karne ya 4, na Wakristo walikuwa na jumuiya kubwa katika mji wa Najran, ulio kusini mwa Saudi Arabia ya leo. Aksum ilikuwa imeingiza mkono wake katika siasa za Himyar na kuweka askari huko. Yapata mwaka 522 mfalme Yusuf, ambaye Waarabu humwita Dhu Nuwas, alishika madaraka. Aliwaua askari wa Aksum waliokuwa katika mji mkuu wa Zafar, akachoma kanisa, akaimarisha ulinzi wa mlango wa bahari wa Mandab ili Waaksum wasivuke, kisha akaugeukia mji wa Najran. Mwaka 523 Wakristo wengi wa mji huo waliuawa, akiwamo kiongozi wao Arethas, anayejulikana kwa Kiarabu kwa jina la Harith.

Habari za mauaji hayo zilienea haraka katika Syria na Konstantinopoli, na waliozieneza walikuwa Wakristo wenzao waliouawa. Msomaji angeweza kushuku kwamba walizidisha. Lakini upande wa pili nao uliandika. Jemadari wa Yusuf alichora katika majabali ya jangwani, mwaka huohuo wa 523, maandishi yanayojivunia vita hivyo. Yanataja watu zaidi ya 12,000 waliouawa katika vita vyote na mateka wapatao 11,000. Hesabu za watu wanaojisifu hazifai kuchukuliwa kama zilivyo, ila jambo moja haliwezi kukanwa tena: muuaji na ndugu wa waliouawa wanakubaliana kwamba damu ilimwagika. Mashahidi wawili wenye chuki baina yao wakikubaliana, neno lao lina uzito mkubwa.

Hapa mwalimu atakuwa na darasa lenye watoto wa Kiislamu na wa Kikristo walioketi dawati moja. Inampasa awe mwangalifu asije akaigeuza habari hii kuwa kesi ya dini moja dhidi ya nyingine. Maandishi ya Yusuf yenyewe yanaonyesha kwamba alikuwa akipigana na dola ya kigeni iliyotaka kuitawala nchi yake na njia yake ya biashara. Sababu hizo haziyahalalishi mauaji ya raia, lakini bila ya kuzitaja mtoto ataondoka darasani akidhani kwamba kuna dini za wauaji na dini za wauawa.

Vita vya mwaka 525

Kaisari Justin wa Konstantinopoli alimhimiza Kaleb aingilie kati. Makumi ya merikebu yalikusanywa karibu na Adulis, mengine ya wafanyabiashara kutoka bandari za Kirumi na mengine yaliyojengwa kwa amri ya Kaleb. Mapokeo yanasema kwamba kabla ya kuondoka mfalme alikwenda kumtembelea mtawa aliyeitwa Pantalewon, aliyekuwa ameishi miaka mingi ndani ya chumba chembamba cha mawe juu ya kilima kilicho karibu na mji, ili kuomba baraka zake. Mwaka 525 jeshi lilivuka bahari, mfalme mwenyewe akiwa kiongozi, na Yusuf akashindwa na kufa. Jinsi alivyokufa inasimuliwa kwa namna mbili. Wengine wanasema aliuawa vitani. Mapokeo ya Kiarabu yanasema alimwelekeza farasi wake baharini akazama naye.

Ushindi huo ulikuwa na upande wake wa giza. Kitabu kimoja cha Kisiria cha zama hizo, kilichoandikwa kwa kuwahurumia Wakristo wa Himyar, kinaeleza kwamba askari wa Aksum hawakuijua lugha ya wenyeji na waliua bila ya kubagua, hata Wakristo wakalazimika kuonyesha alama ya msalaba mikononi mwao ili wasiuawe na jeshi lililokuja kuwaokoa. Tusimfiche mtoto jambo hili. Mtu aliyekuja kulipiza mauaji aliacha mauaji mengine nyuma yake, na huenda hapa ndipo penye mlango wa kuelewa yaliyofuata katika maisha yake, ingawa hakuna jiwe wala sarafu inayotueleza moyoni mwake mlikuwa na nini.

Kaleb alimweka Mhimyari mmoja Mkristo, Sumyafa Ashwa, awe mfalme chini ya himaya ya Aksum, kisha akarudi nyumbani.

Fahari, na ushindi ulioponyoka

Yapata mwaka 531 Kaisari Justinian, aliyemfuata Justin, alituma mjumbe kwa mfalme wa Aksum. Alitaka Waaksum wanunue hariri huko India na kuwauzia Warumi, ili fedha ya Warumi isiingie mikononi mwa adui zao Waajemi. Maelezo ya ujumbe wa namna hiyo yamehifadhiwa katika kitabu cha Kigiriki. Mfalme alionekana amesimama juu ya gari refu la magurudumu lililokokotwa na tembo wanne, amevaa kitani na dhahabu, ameshika ngao iliyopakwa dhahabu na mikuki miwili, huku wakuu wake wakiwa wamemzunguka na silaha zao na wapiga filimbi wakipiga. Mpango wa hariri haukufaulu, kwa sababu wafanyabiashara wa Uajemi walikuwa karibu zaidi na bandari za India na walizoea kununua shehena zote.

Wakati huo Himyar ilikuwa ikiponyoka. Procopius, mwandishi wa historia wa zama za Justinian, anaeleza kwamba askari wengi wa Aksum walipendezwa na rutuba ya nchi ile wakakataa kurudi kwao. Waliasi, wakamfungia Sumyafa Ashwa ngomeni, wakamweka Abraha awe mfalme. Abraha huyu, kwa maelezo ya Procopius, aliwahi kuwa mtumwa wa mfanyabiashara wa Kirumi huko Adulis. Kaleb alituma askari 3,000 chini ya jamaa yake. Askari hao walimuua jemadari wao wakajiunga na waasi. Alituma jeshi la pili, nalo likashindwa likarudi. Baada ya hapo hakutuma tena.

Watoto wanaosoma madrasa huenda wamekwisha kulisikia jina la Abraha, kwa kuwa mapokeo ya Kiislamu humtaja kuwa ndiye aliyeongoza jeshi la ndovu kuelekea Makka. Mwalimu aitumie nafasi hiyo. Mtoto anapogundua kwamba jina alilolisikia chuoni limo pia katika mawe ya Yemeni, ambako Abraha alichora mwaka 548 habari za kulitengeneza bwawa la Marib, ndipo anapotambua kwamba historia ya shuleni na masimulizi ya nyumbani si nchi mbili zisizo na njia baina yake.

Taji

Sasa tunafika katika jambo ambalo Kaleb anakumbukwa kwalo zaidi kuliko vita vyake. Mapokeo ya Ethiopia, pamoja na simulizi ya Kigiriki ya mashahidi wa Najran, yanasema kwamba mfalme aliacha ufalme wake. Alilipeleka taji lake Yerusalemu ili litundikwe katika Kanisa la Kaburi la Bwana. Kisha aliingia katika chumba cha utawani, na katika mali zake zote hakuchukua ila mkeka wa kulalia na kikombe cha kunywea maji. Humo aliishi hadi kufa kwake. Ethiopia huonyesha mpaka leo monasteri ya Abba Pantalewon juu ya kilima chake, na huko Aksum hutajwa kwamba hapo ndipo mfalme alipokwenda. Mfalme aliyemfuata, Gebre Meskel, anahesabiwa katika mapokeo kuwa mwanawe.

Procopius hasemi hivyo. Yeye anaandika tu kwamba mfalme huyo alipokufa, Abraha alikubali kumlipa kodi mfalme aliyemfuata. Hataji monasteri, wala taji, wala mkeka. Alikuwa mwandishi wa zama zilezile, lakini alikuwa mbali, na jambo lililomshughulisha ni vita na mikataba ya makaisari.

Mwalimu afanye nini anapofika hapa? Tumewaona walimu wa namna mbili. Wa kwanza husimulia habari ya mkeka na kikombe kana kwamba alikuwako chumbani akaviona. Wa pili, akiisha kusoma kidogo, huona aibu ya mapokeo, akaiacha habari hiyo na kubaki na tarehe za vita. Wote wawili wamemnyima mtoto kitu. Wa kwanza amemnyima haki ya kujua kwamba jambo hili lina ushahidi wa namna nyingine kuliko sarafu. Wa pili amemnyima jambo ambalo watu wamelitunza kwa miaka karibu 1,500, na kulitunza huko ni tukio la kihistoria lenye uhakika usiotiliwa shaka.

Hebu tufuate safari ya habari hiyo. Mwishoni mwa karne ya 16 jina la mfalme, kwa umbo la Kigiriki la Elesbaan, liliingizwa katika orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma, tarehe 27 Oktoba. Katika karne ya 18, Waafrika waliokuwa watumwa na walioachwa huru katika mji wa Rio de Janeiro, nchini Brazili, waliunda chama chao cha kidini wakakiweka chini ya jina lake na la Mtakatifu Efigenia, wakajenga kanisa. Watu waliouzwa kama bidhaa walimchagua kuwa mlinzi wao mfalme Mwafrika aliyeweka taji lake chini kwa hiari yake. Ikiwa tutamwambia mtoto habari za mkeka na kikombe, tumwambie pia ni nani waliozihitaji.

Sisi wenyewe hatuoni kwamba mapokeo na Procopius lazima vipingane. Mfalme aliyeshindwa mara mbili na askari wake mwenyewe alikuwa na sababu za kuchoka na utawala. Naye anayeandika kutoka mbali kwamba mfalme amekufa huenda hakupata habari za siku zake za mwisho. Lakini hilo ni pendekezo letu, na mwanafunzi anapaswa kulisikia kama pendekezo.

Darasani

Yafuatayo tumeyajaribu, nasi tunayapendekeza kwa darasa la tano na kuendelea. Hayahitaji kifaa chochote cha kununua.

Kwanza, mwalimu alete sarafu ya shilingi 100 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, na watoto waichunguze kwa makundi. Waandike yale ambayo mtu wa miaka 1,500 ijayo angeweza kuyajua kwa kuiokota sarafu hiyo tu, na yale ambayo asingeyajua. Wataona upesi kwamba sarafu husema jina, sura, nchi na mwaka, lakini haisemi kama mtu huyo alipendwa. Baada ya hapo mwalimu achore ubaoni sarafu ya Kaleb pamoja na masuke yake.

Pili, kamba ndefu ifungwe mafundo, fundo moja kwa kila miaka 100, na inyoshwe uwanjani. Mtoto mmoja asimame penye fundo la Kaleb, mwingine penye fundo la Liti, mwingine penye mwaka huu. Umbali ambao namba hazikuweza kuuonyesha utaonekana kwa macho.

Tatu, ubao ugawanywe sehemu tatu. Ya kwanza ni ya vitu vinavyoweza kushikwa au kusomwa hata leo, kama sarafu na maandishi ya mawe. Ya pili ni ya maneno ya walioona wenyewe, kama Cosmas na twiga wake. Ya tatu ni ya maneno yaliyopokewa kutoka kwa wengine, kama kifo cha Yusuf na mkeka wa mtawa. Kila jambo la maisha ya Kaleb liwekwe mahali pake na watoto wenyewe, nao waeleze sababu. Pasiwe na sehemu ya nne yenye jina la uongo. Tukiiweka, watoto watatupa humo kila wasichokipenda.

Mwisho, somo lirudi nyumbani. Watoto watumwe kwa wazee kuuliza habari moja ya zamani ya kijiji, pamoja na swali la pili ambalo kwa kawaida halilizwi: nani alimsimulia mzee, na huyo naye aliisikia wapi. Mwalimu awafundishe kuliuliza kwa adabu, baada ya shikamoo na baada ya mzee kumaliza kusimulia, kama mtu anayetaka kuujua ukoo wa habari. Katika uzoefu wetu wazee hawachukizwi na swali hilo. Wengi hufurahi, kwa sababu linawapa nafasi ya kuwataja baba na mama zao.

Mwalimu yule tuliyemtaja mwanzoni alirudi darasani juma lililofuata. Alimwomba yule msichana alirudie swali lake, akawaambia wanafunzi wote kwamba yeye hana jibu, na kwamba watalitafuta pamoja. Darasa lilinyamaza kidogo, kwa maana hawakuzoea kumsikia mwalimu akisema hajui. Watoto walikwenda kwa wazee wao wakaleta masimulizi kadhaa. Hayakulingana katika kila jambo, ila nyuki walikuwamo katika yote. Waliyaandika katika sehemu ya tatu ya ubao, na kando ya kila simulizi wakaandika jina la mzee aliyeisimulia na la yule aliyemsimulia yeye.

Hadithi haikuvunjika. Tulipotoka, msichana alikuwa amesimama mbele ya ubao akinakili majina ya wazee katika daftari lake, na mwalimu alikuwa akimsubiri amalize ndipo afute.